Kilo, gramu, miligramu: usichanganye, ni hatari!

Haya ni mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na wanafunzi wa sekondari wa katikati ya jiji la Dar es Salaam. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili na wewe msomaji uliye mbali ufaidike.

  

Leo sikuja kuzungumzia ukimwi wala mimba za utotoni. Najua mmeshazoea kwamba mtu wa afya akija shuleni mada ni hizo tu. Leo nimekuja na hesabu. Msigune! Ni hesabu ya darasa la tano, ile ya kugeuza kilo kuwa gramu na gramu kuwa miligramu. Wengi wenu mliifanya, mkapata vema, mkaisahau siku mtihani ulipokwisha. Kumbe hesabu hiyo ndiyo inayoamua kama dawa uliyomeza itakuponya, haitakusaidia kitu, au itakudhuru.

MJANJA WA MIZANI

Hebu twende Kariakoo kwanza, si mbali. Jina lenyewe Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Yaani tangu mwanzo huu ni mtaa wa watu wa mizigo, na mpaka leo habari za uzito zinajulikana hapa kuliko mahali pengine pote jijini.

Mama amekutuma nusu kilo ya maharage. Unafika kwa muuzaji, unatazama jiwe analoweka kwenye mizani. Unatazama mkono wa mizani umetulia au unachezacheza. Ukiuziwa kwa kisado, unachungulia kama kitako hakijabonyezwa kwa ndani. "Bwana, usinipunje!" Ndivyo tunavyosema, na tuna haki. Wakala wa Vipimo upo kwa kazi hiyohiyo ya kukagua mizani na kuipiga chapa. Hata lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu, linapigwa vita kwa sababu mkulima anauza zaidi ya kilo 100 lakini analipwa gunia moja.

Sasa mtu huyohuyo, mjanja wa mizani, anavuka barabara na kuingia duka la dawa. Ujanja wote unaishia mlangoni. Anapewa vidonge kwenye bahasha ndogo, juu yake pameandikwa 2 x 3. Anashukuru, anaondoka. Muulize: kila kidonge kina miligramu ngapi? Hajui. Kwa siku nzima utakuwa umemeza gramu ngapi? Anakushangaa.

Jamani! Ukienda kwa muuza mchele ukamwambia "nipe mbili", atakuuliza "mbili nini?" Kilo mbili, visado viwili au magunia mawili? Namba bila kipimo haina maana. Kwenye mchele tunalijua hilo. Kwenye dawa tunalisahau, na huko ndiko kwenye hatari kubwa zaidi. Ukipunjwa gramu 50 za maharage, sufuria haitajaa vizuri, basi. Ukikosea kipimo cha dawa, anayeumia ni wewe, au mdogo wako.

NGAZI YENYEWE

Kwenye somo la fizikia mnaita tungamo. Sokoni na hospitali tunasema uzito. Tusigombane juu ya jina, tuelewane kwenye vipimo.

Shuleni mlikariri ngazi hii: kilogramu, hektogramu, dekagramu, gramu, desigramu, sentigramu, miligramu. Ukishuka daraja moja unazidisha kwa 10. Ukipanda daraja moja unagawa kwa 10. Ni ngazi nzuri kwa mtihani. Lakini sijawahi kumsikia mtu Kariakoo akiomba dekagramu mbili za iliki! Katika maisha ya kawaida tunatumia vipimo vitano tu:

Tani 1 ni kilo 1000.
Kilo 1 ni gramu 1000.
Gramu 1 ni miligramu 1000.
Miligramu 1 ni mikrogramu 1000.

Umeona? Kila hatua ni 1000, yaani sufuri tatu. Wazee wetu wa Pwani walikuwa na kazi ngumu zaidi. Ratili moja ilikuwa wakia 16, na frasila moja ya karafuu za Unguja ilikuwa ratili 35, karibu kilo 16. Yaani hatua moja ni 16, inayofuata ni 35. Mfanyabiashara alilazimika kukariri kila hatua peke yake. Wewe umerahisishiwa, unakariri 1000 tu, kisha unaamua jambo moja: nizidishe au nigawe?

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Basi tumia akili ya chenji.

KUVUNJA NOTI

Una noti moja ya shilingi 10,000. Umeivunja upate sarafu za shilingi 100. Sasa una sarafu 100 mfukoni, zinakulemea. Je, umetajirika? Hata! Pesa ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba vipande vimekuwa vidogo, kwa hiyo idadi yake imekuwa kubwa.

Vipimo ni vivyo hivyo. Ukitoka kipimo kikubwa kwenda kidogo, namba inaongezeka: zidisha kwa 1000. Ukitoka kipimo kidogo kwenda kikubwa, namba inapungua: gawa kwa 1000.

Mfano. Kilo 2 na nusu ni gramu ngapi? Gramu ni ndogo kuliko kilo, kwa hiyo jibu lazima liwe namba kubwa: 2.5 x 1000 = 2500. Je, miligramu 250 ni gramu ngapi? Gramu ni kubwa kuliko miligramu, kwa hiyo jibu lazima liwe namba ndogo: 250 ÷ 1000 = 0.25. Ukipata jibu la gramu 250,000, simama hapohapo ujiulize. Gramu 250,000 ni kilo 250, yaani magunia mawili na nusu ya kilo mia mia. Kidonge gani hicho!

Hata sokoni hesabu hii inalipa. Tuseme iliki inauzwa gramu 50 kwa shilingi 3,000, na duka la pili inauzwa kilo moja kwa shilingi 50,000. Nani ana bei nafuu? Kilo ni gramu 1000, na ndani yake mna gramu 50 mara 20. Kwa hiyo yule wa kwanza anauza kilo kwa 3,000 x 20 = shilingi 60,000. Ukinunua kidogokidogo unazidishiwa shilingi 10,000 kwa kila kilo.

NUKTA INAYOPOTEA

Kuna adui mmoja mdogo sana kwenye hesabu hizi, nukta ya desimali. Tazama:

gramu 0.5 ni miligramu 500;
gramu 0.05 ni miligramu 50;
gramu 0.005 ni miligramu 5.

Nukta ikihama nafasi moja, dozi imekuwa mara kumi zaidi, au imebaki sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana watu wa hospitali wanafundishwa mambo mawili ya kuandika. La kwanza, andika 0.5, usiandike .5 peke yake, maana nukta ikififia mtu atasoma 5. La pili, andika 5, usiandike 5.0, maana nukta isipoonekana mtu atasoma 50. Na wewe kwenye daftari lako zoea hivyohivyo. Si maringo ya mwandiko, ni usalama wa mtu.

PARASETAMOLI: RAFIKI ASIYETAKA MZAHA

Tuanze na dawa ambayo karibu kila nyumba inayo, parasetamoli. Wengi tunaiita panadol hata kama si panadol. Kidonge cha kawaida kina miligramu 500. Vidonge viwili ni miligramu 1000, yaani gramu 1.

Mtu mzima mwenye afya hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24. Geuza: gramu 4 ni miligramu 4000. Gawa kwa 500, unapata vidonge 8. Huo ndio mwisho, na ni kwa mtu mzima, akiachia muda kati ya dozi moja na nyingine. Kijana mdogo, mtu mwembamba sana, mtu mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe, kiwango chake kiko chini ya hapo. Muulize mfamasia, usikisie.

Sasa sikiliza jinsi watu wanavyopita mpaka bila kujua. Kijana mkubwa ana mafua na kichwa kinamgonga. Anameza parasetamoli vidonge viwili mara nne kwa siku. Hizo tayari ni gramu 4. Rafiki yake kijiweni anampa dawa ya mafua, "hii kiboko, meza kimoja mara nne". Hajasoma pakiti. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Tuseme kila kidonge cha mafua kina miligramu 500. Mara nne ni miligramu 2000, yaani gramu 2. Jumla gramu 6! Amevuka mpaka kwa gramu 2, na yeye anaamini anatumia dawa mbili tofauti.

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni cha sumu. Parasetamoli ikizidi huharibu ini. Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza unaweza kujisikia kichefuchefu tu, au usisikie kitu kabisa. Madhara makubwa yanakuja kuonekana siku ya pili au ya tatu, wakati ini limeshaumia. Kwa hiyo ukijua kwamba wewe au mwenzako amezidisha, nendeni hospitali papo hapo na pakiti mkononi. Msisubiri kuona dalili. Ipo dawa ya kuzuia sumu hiyo, lakini hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa mapema, kabla hazijapita saa 8 tangu kumeza.

MTOTO SI MTU MZIMA MDOGO

Wengi wenu mnaachiwa wadogo zenu mama akienda sokoni au kazini. Mtoto anapata homa. Unafanyaje?

Dozi ya mtoto inafuata uzito wake. Kwa parasetamoli, kila mara moja ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mwili wake, na si zaidi ya mara nne kwa siku. Tuchukue mtoto wa kilo 12. Kwa kiwango cha juu ni 15 x 12 = miligramu 180.

Sasa chukua chupa ya dawa ya maji. Nyingi zimeandikwa "miligramu 120 kwa mililita 5". Kama mililita 5 zina miligramu 120, basi miligramu 180 zimo kwenye mililita 7 na nusu. Hapo sawa. Lakini zipo chupa nyingine zilizoandikwa "miligramu 250 kwa mililita 5". Rangi inaweza kuwa ileile, hata ladha ileile. Ukimpa mililita 7 na nusu za chupa hiyo, umempa miligramu 375. Ni zaidi ya mara mbili ya alichotakiwa kupata!

Kwa hiyo kauli ya "mpe kijiko kimoja na nusu kama ile siku" haitoshi. Kijiko cha dawa gani, yenye miligramu ngapi? Na kijiko chenyewe ni kipi? Vijiko vya jikoni havilingani, kimoja kina tumbo, kingine bapa. Tumia kile kipimo cha plastiki kinachokuja na chupa, au omba bomba la sindano lisilo na sindano. Uzito wa mtoto uko kwenye kadi ya kliniki. Kama kadi ni ya zamani, mpeleke akapimwe upya. Na mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya, maana homa ni dalili, na parasetamoli haitibu malaria wala nimonia.

MSETO NA WAJANJA WA SIKU MOJA

Tangu 2006 Tanzania inatumia dawa mseto kwa malaria ya kawaida, ile inayoandikwa ALU kwenye pakiti. Kila kidonge kina dawa mbili: artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Hapa pia kilo za mgonjwa ndizo zinazoamua. Mwenye kilo 5 hadi chini ya 15 anapewa kidonge 1 kila mara. Kilo 15 hadi chini ya 25, vidonge 2. Kilo 25 hadi chini ya 35, vidonge 3. Kilo 35 na kuendelea, vidonge 4. Ni mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, pamoja na chakula.

Wewe mwenye kilo 50, dozi yako ni vidonge 4 mara 6, jumla 24. Hebu tugeuze. Artemetha ni 24 x 20 = miligramu 480, hazifiki hata nusu gramu. Lumefantrini ni 24 x 120 = miligramu 2880, yaani gramu 2.88.

Unaona ni kidogo namna gani? Dawa inayopigana na malaria mwilini mwa mtu mwenye kilo 50, yaani gramu 50,000, haifiki gramu 3 na nusu kwa jumla. Na bado kuna wajanja wanaoigawa! Anameza dozi tatu, homa inashuka, anasema "niko fiti", zilizobaki anaziweka kabatini "kwa siku nyingine" au anampa mwenzake. Amepata lumefantrini gramu 1.44 tu. Vimelea vilivyobaki vinapata nafasi ya kuzaliana upya, na vile vilivyoonja dawa bila kufa vinaweza kujenga usugu. Tunajua usugu ni nini, klorokwini tuliiacha mwaka 2001 kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo pima kwanza. Ukikutwa na malaria, maliza dozi yote.

MIKROGRAMU: NDOGO HAIMAANISHI DHAIFU

Chini ya miligramu kuna mikrogramu. Huandikwa kwa herufi ya Kigiriki, µg, au mcg. Elfu moja kati ya hizo ni miligramu moja. Ukiona kwenye cheti µg na mg zimeandikwa harakaharaka, zinafanana mno. Lakini tofauti yake ni mara 1000! Ndiyo sababu waangalifu huandika neno zima, mikrogramu. Kama huelewi mwandiko, uliza. Mfamasia mzuri hachukii swali.

Dada zangu, hapa pananihusu na mimi na nyie. Msichana anayepata hedhi hupoteza madini ya chuma kila mwezi. Kuna vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza, mahali ambako upungufu wa damu umeenea, wasichana wapewe kidonge kimoja kwa wiki chenye chuma miligramu 60 na foliki mikrogramu 2800. Mama mjamzito anapewa kila siku, foliki ikiwa mikrogramu 400. Geuza uone: mikrogramu 2800 ni miligramu 2.8, na mikrogramu 400 ni miligramu 0.4. Kimoja ni mara saba ya kingine. Kwa hiyo "vidonge vya damu" si jina la kutosha. Cha kila wiki si cha kila siku. Usichukue vya dada yako mjamzito ukadhani ni sawa. Na vidonge hivi viwekwe mbali na watoto, maana chuma kikizidi ni sumu kali kwao.

Mfano wa mwisho uko jikoni. Chumvi tunayonunua huwekwa madini joto, na kwenye pakiti utayaona yameandikwa. Mtu mzima anahitaji madini joto mikrogramu 150 kwa siku. Tuseme pakiti yako ina miligramu 40 za madini joto kwa kila kilo ya chumvi. Miligramu 40 ni mikrogramu 40,000. Kilo ni gramu 1000. Gawa: kila gramu moja ya chumvi ina mikrogramu 40. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai. Gramu 5 zinakupa mikrogramu 200. Inatosha kabisa! Hakuna sababu ya kujaza chumvi kwenye chipsi eti unatafuta madini joto. Chumvi ikizidi hupandisha presha.

Sasa hesabu ya kushangaza. Mikrogramu 150 kwa siku, mara siku 365, ni mikrogramu 54,750 kwa mwaka. Geuza, ni miligramu 54.75. Zidisha kwa miaka 70, unapata miligramu 3832.5. Geuza tena, ni gramu 3.8 na kidogo. Yaani madini joto ya kukutosha tangu utoto hadi uzee hayajazi kijiko cha chai. Lakini ukiyakosa, shingo inaota rovu. Mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto aliye tumboni unaweza kudhurika, na mtoto huyo atateseka darasani maisha yake yote. Kitu kidogo cha namna hiyo kina uwezo wa kumharibia mtu maisha.

MASWALI MANNE KABLA YA KUMEZA

Nataka ukiondoka hapa uwe na tabia moja mpya. Kabla hujameza au kumpa mtu dawa, jiulize hivi:

1. Dawa hii inaitwaje, na kila kidonge au kila mililita 5 ina kiasi gani?
2. Ni gramu, miligramu au mikrogramu?
3. Kwa siku nzima, jumla ni ngapi? Je, kuna dawa nyingine ninayotumia yenye kitu hichohicho?
4. Je, dozi hii inalingana na kilo za anayeimeza?

Kama bahasha haina jina la dawa wala miligramu, rudi dirishani uombe viandikwe. Usione haya. Ukipunjwa sokoni unarudi kwa muuzaji na kelele nyingi. Kwenye dawa rudi kwa heshima, lakini rudi. Ni haki yako, na hata wao wanapenda mgonjwa anayejua anachomeza.

Na nyumbani, nyie ndio wasomi wa familia. Bibi hakusoma habari za miligramu, na baba huenda hana miwani. Wewe unayejua kwamba kila hatua ni sufuri tatu, soma lebo kwa sauti, piga hesabu, waeleze kwa adabu. Elimu ya sekondari isiishie kwenye cheti.

JIPIME MWENYEWE

a) Mtoto mchanga amezaliwa na kilo 2.3. Anayezaliwa chini ya gramu 2500 anahesabiwa kuwa na uzito pungufu. Je, huyu ana uzito pungufu?

b) Cheti kinasema amoksilini gramu 0.5 kila mara. Kapsuli ulizopewa ni za miligramu 250. Utameza ngapi kila mara?

c) Pakiti moja ya krispi ina chumvi miligramu 800. Umekula pakiti tatu. Umekula chumvi gramu ngapi, na zimebaki ngapi kufikia gramu 5 za siku nzima?

d) Bahasha imeandikwa 2 x 3. Kila kidonge kina miligramu 500. Utameza gramu ngapi kwa siku?

e) Bizari gramu 200 ni shilingi 1,500. Kwa jirani yake kilo moja ni shilingi 7,000. Uende wapi?

Fanya kwanza, ndipo usome majibu.

MAJIBU: a) Ndiyo, ana gramu 2300. b) Kapsuli 2. c) Gramu 2.4, zimebaki gramu 2.6, na bado hujala chakula cha usiku! d) Gramu 3. e) Kwa jirani, maana huyu wa kwanza anauza kilo kwa shilingi 7,500.

Aliyepata yote, hongera. Aliyekosa moja, arudie ile habari ya kuvunja noti. Aliyekosa zaidi ya hapo, amtafute mwenzake aliyepata, wakae pamoja mapumziko ya saa nne, wapigie hesabu lebo ya dawa yoyote iliyoko nyumbani.